Kioo Nilichokiosha

12 Agosti
Mama mkwe amehamia kwetu leo. Nilikuwa nimeondoa vitu vya nusu kabati nikitegemea masanduku, kumbe kaja na mfuko mmoja wa nguo na begi la bluu alilolipakata kwenye teksi kama mtoto mchanga. Dereva alitaka kulishika, akakemewa. Nami nikataka kulishika kwenye ngazi, nikakemewa vilevile. Basi nikajua tumeanza.

Ndani ya begi mna darubini. Si ule mrija mwembamba niliokuwa nikiuwazia. Hii ni fupi na nene, mfano wa ndoo, inakaa juu ya kibao cha mviringo kinachozunguka. Mbele iko wazi kabisa. Chini, kitakoni, kuna kioo kilichobonyea kidogo kama sahani. Kioo hicho hupokea mwanga na kuurudisha juu, kwenye kioo kidogo kilichowekwa mshazari, nacho huutupa ubavuni, kwenye lenzi unapoweka jicho.

"Kwa hiyo mama, kitu kiko mbele lakini unakitazama kwa ubavuni?"

"Kama mkwe," akasema.

Sikujua kama nicheke.

Mume wangu alipiga simu kutoka kambini, wanakojenga daraja. Hatarudi mpaka daraja likamilike. Akauliza kama mimi na mama yake tunapatana. Nikamwambia kwanza tujuane.

15 Agosti
Leo nimefundishwa kazi. Paa la jengo letu ni bapa, lina matangi ya maji na kamba za nguo. Mama alichagua kona ya mbali na matangi, kwa sababu pampu ikiwaka sakafu hutetemeka, na darubini haikuzi nyota peke yake, hukuza na mtetemeko. Meza niliyoipandisha kwa jasho langu akaikataa. Akataka stuli ya miguu mitatu.

"Miguu minne hubishana na sakafu. Mitatu hukubaliana."

Kungali mchana, tulilinganisha kile kilengeo kidogo kilicho mgongoni mwa darubini. Tukalenga ncha ya mnara wa simu ng'ambo ya mji, tukilipa jua kisogo. Jua halielekezwi, alinionya, hata kwa mzaha. Jicho likiungua halina spea. Mnara ukatokea kichwa chini miguu juu, nikadhani nimeharibu kitu.

"Angani hakuna juu wala chini," akasema. "Utazoea."

Kisha tukaiacha nje bila kuitumia. Kioo kimetoka na joto la nyumba, hakina budi kipoe, la sivyo kila nyota itachemka kama maji sufuriani. Tulikaa kwenye ndoo mbili tukingoja kioo kipoe. Huko ndiko alikonieleza kwamba alikuwa opereta wa simu, enzi za kuunganisha watu kwa kuchomeka nyaya. Alipostaafu, ukoo ulitegemea anunue cherehani. Akanunua darubini. Walicheka mpaka wakachoka, yeye akaendelea kuibeba begani kwenda uwanja wa mpira, kila mwezi ulipoadimika.

17 Agosti
Vumbi. Hakuna nyota. Mama anasema taa ya jikoni imefifia.

18 Agosti
Nimenunua taa mpya. Anasema nayo imefifia. Nimemeza maneno yangu pamoja na chai.

23 Agosti
Mwezi ulikuwa nusu. Mama alisema nusu ndiyo bora, kwa kuwa kivuli huonyesha mabonde.

Mimi natengeneza meno ya bandia. Kutwa nakaa na plasta nyeupe, nikiikoroga kwa utaratibu ili isishike hewa, maana ikishika hewa hutoka na vitundu. Sasa nikaweka jicho kwenye lenzi, nikakuta plasta iliyokorogwa na mtu asiyejali, vitundu juu ya vitundu, vingine vikubwa vina kilima katikati.

"Mama, huu umechanganywa vibaya!"

Alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Mara ya kwanza tangu afike.

Kisha akatazama yeye. Akazungusha kitufe cha lenzi mbele, nyuma, mbele. "Una ukungu," akasema. "Kioo kimejaa vumbi."

26 Agosti
Mwokaji wa ghorofa ya chini alipanda kuanua nguo zake, akakuta tunatafuta sayari ya Zohali. Yeye huita darubini "mzinga". Anauliza kila siku kama umetoa asali.

Mama hakuhitaji hata kilengeo. Alishika darubini kwa mikono miwili akaigeuza taratibu kwa mazoea, kisha akaniita. Nikaona kipunje cha njano hafifu na pete imekizunguka bila kukigusa. Kidogo sana. Kimetulia kama kimechorwa. Nilitazama mbele ya mdomo wa darubini kuhakikisha hakuna aliyebandika picha.

Mama akatazama. "Mimi naona doa lenye mkia. Wewe umeona nini?"

"Kitu chenye pete."

"Kimekaa vizuri?"

"Sijui vizuri ikoje, mama. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Basi kioo kioshwe," akasema. Mwokaji alikuwa ameshashuka na nguo zake.

2 Septemba
Mikono ya mama hutetemeka kidogo, kwa hiyo akasema nioshe mimi.

"Naogopa, mama."

"Si unaosha meno ya watu?"

"Natengeneza. Kuosha wanaosha wenyewe."

"Basi nawe leo utaosha."

Nilitandika taulo ndani ya beseni. Nilichora alama ya penseli kitakoni ili kila kitu kirudi kilipokuwa, nikafungua skrubu, nikatoa kioo kwa kukishika kingoni. Uso wake umepakwa utando mwembamba mno wa metali inayong'aa. Kidole kimoja chenye mchanga kinatosha kuuchana. Kwanza maji yanayotiririka, bila kugusa, ili vumbi liondoke lenyewe. Kisha maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo. Kisha pamba, na pamba haisugui: unaiburuta juu ya kioo kwa uzito wake yenyewe, mara moja, unaitupa, unachukua nyingine. Mama alisimama nyuma yangu akisema, "Usikandamize. Usikandamize," hata pale mkono wangu ulipokuwa hewani. Mwisho nikasuuza kwa maji yaliyokenekwa, yasiyoacha chumvi, niliyoleta karakanani, nikakiegemeza ukutani kikauke.

Kilikauka bila doa. Nilijiona humo nikiwa mkubwa kama jengo, na vinyweleo vya pua yangu vyote. Nilifurahi kama niliyefaulu mtihani.

3 Septemba
Siandiki sana, nina hasira.

Tuliirudisha, tukapanga vioo vyake, tukaitoa, ikapoa. Mama akatazama Zohali. Akafuta jicho, akatazama tena. Kisha akasimama wima, akasema kwa sauti ya chini, "Umekikwaruza."

"Mama, ulikuwepo. Ulisimama nyuma yangu."

"Nilikuwepo. Na sasa mkia umekuwa mrefu zaidi."

Baadaye nikamsikia chumbani akiongea na mwanawe. Kuta zetu ni nyembamba, na mtu aliyekuwa opereta hajui kunong'ona kwenye simu. "Mke wako ameniharibia kioo." Haikupita muda simu yangu ikaita. Mume wangu akaniuliza nilikuwa na haraka gani ya kugusa kitu cha mama yake. Nilimkatia.

5 Septemba
Mama anasema labda si mkwaruzo, labda vioo havitazamani. Jioni amekaza na kulegeza skrubu tatu za kitakoni, zinazoinamisha kioo kikubwa, mpaka nikahisi zinalia.

6 Septemba
Kabla ya kwenda kazini nimeiangalia mwenyewe. Unaweka kifuniko chenye tundu mahali pa lenzi, unachungulia: katikati ya kioo kikubwa kuna kiduara kidogo kilichobandikwa, na kivuli cha tundu lako kinatakiwa kianguke humo ndani. Kilikuwa kimekwenda pembeni kabisa. Nimekirudisha kati. Jioni mama amekitoa.

7 Septemba
Asubuhi nimekirudisha. Jioni amekitoa.

9 Septemba
Vivyo hivyo. Tunapishana kama walinzi wa zamu, yeye wa jioni, mimi wa asubuhi, na hakuna anayemwambia mwenzake. Chai anayonimiminia hufurika kila siku, na nimeanza kuamini ananifanyia makusudi.

14 Septemba
Tangu juzi mama hasemi nami ila kwa kupitia vyombo. Sufuria ikigonga, nimekosea. Ikigonga mara mbili, nimekosea sana.

22 Septemba
Mwokaji alipanda jioni na mkate wa moto, akakuta mama amekwenda kulala mapema na mimi niko peke yangu na darubini. Sijui kwa nini niliitoa. Labda nilitaka kuona niliharibu nini.

"Mzinga umetoa asali?"

"Umeharibika. Mimi ndiye niliyeuharibu. Tazama mwenyewe."

Akainama, akaziba jicho moja kwa kiganja chenye unga. Nikangoja aseme ukungu.

"We!" akasema. "Kina pete! Kama kofia ya pama!" Akatazama tena. "Pembeni kuna kinyota kingine kidogo sana, kama sindano. Sasa kilichoharibika ni kipi?"

Nikatazama. Pete. Na kinyota kama sindano, ambacho hata mimi sikuwahi kukiona. Kioo kilikuwa kikionyesha vizuri kuliko kabla sijakiosha.

Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo. Wiki tatu nzima nilikuwa nikiona pete na kujiambia kwamba jicho langu la kujifunza halijui kitu. Taa ya jikoni ilikuja akilini kwanza. Kisha chai inayofurika. Kisha vile anavyoshika ukuta akitoka mwangani kuingia kivulini, na anavyofumba jicho magari yakitumulika barabarani, akisema madereva wa siku hizi hawana adabu.

Nilimkasirikia mtu asiyeona.

24 Septemba
Nimemwambia. Nilijipanga njia nzima kutoka kazini, halafu yote yakatoka shaghalabaghala.

"Mama, kioo ni kizima."

"Nani kakuambia?"

"Mwokaji ameona pete."

"Huyo kutwa anatazama mikate yenye tundu, ataacha kuona pete?"

"Na mimi naona. Kila siku. Mama, nadhani tukaangalie macho yako."

Aliweka kikombe chini, nusu kwenye kisahani, nusu nje. Nilitegemea sufuria. Badala yake akaongea polepole, na hakuwa akinitazama.

"Dada yangu mkubwa walimtoa mtoto wa jicho. Aliingia kwa miguu yake. Akatoka ameshikwa mkono, na akashikwa mkono mpaka kaburini. Mimi ndiye niliyemshika. Usinitajie tena habari hiyo."

Kisha akaenda chumbani. Nikasikia zipu ya begi la bluu. Aliipaki darubini mwenyewe, akaisukuma chini ya kitanda.

Nilisimama mlangoni nikiwa na mengi ya kumjibu: kwamba hiyo ilikuwa zamani, kwamba siku hizi watu wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sikusema. Kwanza, alikuwa amelala akielekea ukutani. Pili, kumbe wiki hizi zote haogopi kioo kuharibika. Anaomba Mungu kiwe ndicho kilichoharibika.

28 Septemba
Mume wangu kapiga simu. Nikamweleza. Akasema, "Siku zote mama ndiye aonaye mbali." Nikamwambia naomba aniombe radhi kwanza, ndipo tuongee habari za mama. Akaniomba. Mara mbili, ya pili vizuri zaidi.

1 Oktoba
Joto. Anga safi, hakuna anayeitazama.

4 Oktoba
Mama amevaa viatu viwili tofauti kwenda dukani, kimoja cheusi, kimoja cha bluu. Nimemfuata mpaka mlangoni nikitaka kusema, kisha nikarudi ndani. Aliporudi alikuwa amevivua, anatembea peku kwenye ngazi, amevishika mkononi.

7 Oktoba
Jumamosi. Naandika yote maana nataka kuyakumbuka.

Asubuhi mapema mama alinigongea. Amevaa, amefunga kitambaa kichwani kama mtu wa safari, begi la bluu liko begani. "Niletee stuli," akasema. "Na karatasi tatu. Mwite na yule wa mikate."

Paani alinielekeza nilenge bango la duka la matairi, ng'ambo ya reli, jua likiwa mgongoni kwetu. Chini ya bango kuna namba ya simu, ndogo mno, kwa macho matupu huwezi kujua kama ipo.

"Andika hiyo namba. Usinionyeshe."

Niliiandika, nikijipinda shingo kwa sababu tarakimu zilikuwa kichwa chini. Mwokaji akaandika yake, anapiga miayo, hajui anaandikishwa nini. Kisha mama akainama kwa jicho la kulia, lile alilotazamia nyota maisha yake yote. Akazungusha kitufe. Akazungusha tena. Hakuandika. Akahamia jicho la kushoto. Kwa hilo aliandika tarakimu mbili, akasita, akaweka kalamu mfukoni.

Akachukua karatasi zetu akazisogeza usoni kabisa. Zilifanana, namba kwa namba.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini," akasema, "laini ikiwa na kelele nilikuwa namgombeza fundi. Bosi wangu akanifundisha. Alisema, jaribu upande huu, kisha jaribu upande ule. Usimlaumu mtu kabla hujajua kelele iko upande gani."

Mwokaji alinitazama, nikamkazia macho anyamaze.

"Kelele iko upande wangu," mama akasema.

Alikaa kwenye ndoo, mikono mapajani. Nilikaa kando yake. Sikumshika. Nilihofia akidhani nimeanza kumshika mkono, basi hatainuka hapo. Kisha akasema bila kugeuka, "Hiyo kliniki hufunguliwa saa ngapi?"

10 Oktoba
Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Daktari ni msichana, mama alimuuliza umri wake na shule aliyosoma na kama mkono wake umewahi kutetemeka. Daktari alijibu yote bila kukasirika. Nikampenda.

Tukitoka nje mama akaniambia, "Umri huu, na bado wanasema nina mtoto." Tulicheka mpaka mlinzi wa geti akacheka naye.

19 Oktoba
Leo amefanyiwa upasuaji, jicho la kulia. Kabla ya kuitwa ndani alinishika kiwiko akakibana hasa, nina alama mpaka sasa. Walipomwita alikiachia, akatembea peke yake.

Nilikaa kwenye benchi. Mume wangu alipiga simu kila baada ya muda mfupi, tukawa tunasikilizana tukipumua.

Ametoka na bandeji. Analalamika njaa.

20 Oktoba
Bandeji imetolewa. Alikaa kitandani kwa daktari, akafumba, akafumbua. Akatazama dirisha. Akatazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Nimezeeka," akasema. "Mbona hamkuniambia?"

21 Oktoba
Asubuhi amesimama katikati ya jikoni.

"Kuta hizi ni rangi gani?"

"Bluu, mama."

"Mimi nilijua kijivu. Na hii taa, mbona kali hivi, unataka kutuunguza? Na huu ukuta wa jiko, Mungu wangu, tumekuwa tukila humu?"

Daktari kamkataza kuinama na kunyanyua kitu. Kwa hiyo ameketi kitini ananiongoza, nami nasugua. Kulia. Chini kidogo. Umeacha pale. Nimesugua mpaka mchana, na sijawahi kufurahi hivyo nikitukanwa.

30 Oktoba
Mvua ya kwanza.

3 Novemba
Mvua. Nimeitoa darubini chini ya kitanda na kuiweka kabatini juu, pakavu. Unyevu ukikaa kwenye kioo huacha madoa yasiyotoka. Zile skrubu tatu nimeziangalia. Kivuli kimo ndani ya kiduara.

4 Novemba
Mvua.

8 Novemba
Mvua. Mama anapita dirishani, anatazama mawingu, anarudi. Daktari amemruhusu kuinama. Sasa anga ndiyo haimruhusu.

15 Novemba
Kutwa ilinyesha. Magharibi ikakatika ghafla, na juu ya matangi pakafunguka tundu la anga jeusi, safi, lililooshwa. Mama alikuwa ngazini kabla sijapata viatu. Mimi nikabeba stuli na darubini, nikafuta maji kwa sketi yangu mahali pa kuiweka.

Hatukungoja ipoe vya kutosha. Zohali ilikuwa juu sana, nikailenga mimi, nikazungusha kitufe mpaka ikawa wazi, nikasogea pembeni.

Mama aliinama kwa jicho la kulia.

Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Mgongo wake haukutikisika. Alikuwa akiisogeza darubini kwa kidole kimoja kila sayari ilipotaka kutoka, bila kuondoa jicho. Nilitaka kumuuliza, nikaona machozi yametua kwenye mkunjo wa pua, nikatazama kwingine, kwenye kamba za nguo, ili awe nayo peke yake. Upande wa reli wingu jingine lilikuwa linapanda.

Hatimaye akanyoosha mkono nyuma, jicho bado liko pale pale. "Nipe simu. Mpigie mwanangu."

Nikaipiga, nikamwekea sikioni.

"Sikiliza," akamwambia, kwa ile sauti ya kazini inayosikika hata bila waya. "Kile kioo nilichokuambia kimeharibiwa. Hakikuharibiwa. Kimeoshwa na mtu anayejua kazi yake, na tangu nikinunue hakijawahi kuwa safi hivi. Mimi ndiye niliyekuambia uongo, sasa ndiye ninayekuambia kweli. Umesikia? Haya, ongea na mwenyewe."

Akanirudishia simu. Mume wangu alikuwa anapiga kelele huko upande wa pili, "Umemfanyia nini mama? Mbona anaongea hivyo? Kuna nini?"

Lakini mama alikuwa ameshajiondoa kwenye lenzi, ameishikilia darubini isisogee, ananionyesha kwa kidevu. Nikamwambia mume wangu nitampigia baadaye. Zamu yangu ilikuwa imefika, na wingu lilikuwa linakuja.